Chumbe, Kisiwa Kinacholindwa kwa Fedha za Wageni Wake

Katika biashara ya utalii ya Afrika Mashariki hakuna sifa iliyo rahisi kujipa kama ile ya kuwa rafiki kwa mazingira. Kambi ya mahema iliyopo kando ya Mto Mara hujipa sifa hiyo kwa sababu ya paneli mbili tatu za sola, na hoteli ya ghorofa iliyopo Nungwi hujipa sifa hiyo hiyo kwa sababu imeweka kikaratasi bafuni kinachomwomba mgeni atumie taulo moja kwa siku mbili. Anayetaka kujua ukweli hana budi kuyaweka kando matangazo na kuuliza maswali ambayo wenye hoteli wengi hawayapendi: maji ya kuoga yanatoka wapi na yakishatumika yanakwenda wapi, choo kinamwaga wapi, fedha za mgeni zinaishia mfukoni mwa nani, na je, yupo mtu mahali hapo mwenye mamlaka ya kumkatalia mgeni jambo ambalo yuko tayari kulilipia. Nimeyatumia maswali hayo kuipima Hifadhi ya Matumbawe ya Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambayo tangu mwaka 1998 inapokea wageni katika mabanda saba tu, na ninaandika kwa ajili ya msomaji anayetaka kujua kama bei yake kubwa inalipia jambo la kweli au inalipia jina.

Chumbe ni kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe kilichopo kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, umbali wa kilomita 12 hivi, chenye eneo linalozidi kidogo hekta 20. Hakina kisima wala chemchemi, na kwa sehemu kubwa ya historia yake hakikukaliwa na watu, ukiwaondoa walinzi wa mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Upande wake wa magharibi kuna mwamba wa matumbawe uliosalimika kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano na uhifadhi: wavuvi wengi hawakuwa na injini za kuwafikisha huko, na tena kisiwa kiko kando ya njia ya meli ziendazo Dar es Salaam na jirani na eneo la jeshi, kwa hiyo uvuvi wa upande ule haukuwa ukiruhusiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi katika miradi ya maendeleo nchini Tanzania, aliishawishi Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikubali jambo ambalo halikuwa na mfano, yaani kuitangaza sehemu hiyo ya bahari kuwa hifadhi na kuikabidhi kampuni binafsi iiendeshe. Tangazo la serikali lilitoka mwaka 1994, la msitu likafuata mwaka 1995, na Chumbe ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na kampuni binafsi.

Ninaomba msomaji auangalie mfuatano huo wa miaka. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1994, na mgeni wa kwanza wa kulala alikuja baada ya mabanda kukamilika mwaka 1998, kwa kuwa ujenzi ulichukua miaka mingi kuliko ilivyokusudiwa: kila kifaa kilibidi kivushwe kwa boti, ufundi uliotumika ulikuwa mgeni kwa mafundi wote, na vibali vilipita katika idara nyingi za serikali. Hoteli nyingi zinazojiita za kijani hufuata njia ya kinyume. Huanza na kiwanja kizuri, zikajenga, zikajaza vitanda, na mwisho zikatafuta mradi mdogo wa miti au wa shule ili upigwe picha. Chumbe ilianza na mwamba uliohitaji kulindwa, kisha ikatafuta namna ya kuwalipa walinzi, na hoteli ndiyo jibu lililopatikana. Kampuni yenyewe imejiandikia kuwa malengo yake si ya kugawana faida; mapato ya wageni yanalipia doria, utafiti na elimu ya mazingira kwa wanafunzi. Kwa maneno mengine, mgeni anayelala Chumbe ananunua kitanda, lakini hesabu yake inamlipa mtu anayeketi ufukweni alfajiri akitazama kama kuna dema limetegwa mahali pasipotakiwa.

Mabanda yanastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndipo wazo zima linapoonekana kwa macho. Kila moja lina paa pana la makuti lililojipinda, na paa hilo limeumbwa hivyo ili likinge mvua. Maji ya mvua huteremka, hupita katika chujio la mchanga na kokoto, kisha hukusanyika katika birika kubwa lililojengwa chini ya sakafu ya sebule, hivi kwamba mgeni anapokaa kwenye bembea yake anakuwa amekaa juu ya akiba yake ya miezi mingi. Maji ya kuoga hupandishwa kwa pampu ya mkono hadi tangi dogo la juu, na mengine hupitishwa katika kipasha maji kinachotumia jua. Taa chache zinawaka kwa umeme wa jua. Upande wa mbele wa chumba cha kulala cha juu hauna ukuta; kuna pazia la makuti linaloshushwa na kupandishwa kwa kamba, na upepo wa baharini hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kiyoyozi. Hakuna kiyoyozi, hakuna bwawa la kuogelea, na anayedhani kwamba hivyo ni vitu vya lazima atakuwa amekosea kuchagua kisiwa.

Maji machafu ya kuogea hayamwagwi baharini. Yanapita katika kitalu kilichojengwa kwa namna ya sanduku lisilovuja, chenye mimea inayopenda maji na virutubisho, ambayo hunywa kila kitu kabla hakijafika ardhini. Vyoo ni vya mboji, visivyotumia maji hata tone: mtumiaji akimaliza hutupia makapi makavu, bomba refu hutoa hewa juu, na uchafu hugeuka polepole kuwa udongo. Najua kuna wasomaji watakaokunja pua hapa, lakini choo cha mboji kinachotunzwa vyema hakinuki, na hiki kinatunzwa.

Sababu ya kuhangaika kiasi hicho na maji ya choo ni ya kibayolojia. Matumbawe huishi katika maji masafi yenye virutubisho kidogo. Ukiyamwagia maji ya choo, hata yawe yametoka katika shimo la maji taka lililo mbali kidogo na ufukwe, mwani hupata chakula, huota kwa kasi na kuyafunika. Jiwe la visiwa vyetu lina vitundu kama sifongo, na kinachomwagwa shimoni leo hakina safari ndefu ya kufika baharini. Hoteli iliyojengwa juu ya jiwe hilo, ikiwa na shimo la kawaida la choo, inaweza kupanda miti elfu na bado ikaendelea kuua kile ambacho wageni wake wamesafiri kuja kukiona.

Kuna pia suala la haki. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu matumizi ya maji katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, na likaonyesha kwamba kaya ya kawaida ilitumia lita 93 hivi kwa siku, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Maji hayo yote yanatoka katika hazina moja ya chini ya ardhi, inayotegemea mvua na inayoingiwa na chumvi inapovutwa kupita kiasi. Ukizisoma takwimu hizo kisha ukaikumbuka pampu ya mkono ya Chumbe, unaelewa kwamba ile pampu haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Mtu anayepandisha maji yake mwenyewe haogi kwa nusu saa.

Tuingie baharini, kwa sababu ndiko wanyama wengi waliko. Hifadhi ya mwamba ina hekta zipatazo 30, na ndani yake hakuna kuvua, hakuna kutia nanga na hakuna kuokota hata kombe. Wageni hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi ya hewa. Ruhusa hiyo imebakizwa kwa watafiti. Mgeni huogelea juu ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia, akiongozana na mlinzi wa hifadhi anayemweleza kabla ya kuingia kwamba hapaswi kusimama juu ya jiwe wala kugusa kitu. Sharti hili huwakera wazamiaji wenye vyeti vyao, lakini ni sharti lenye mantiki, kwa kuwa mwamba wenyewe ni wa maji mafupi na kila kitu cha maana kinaonekana kutokea juu. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 400 za samaki hapa na takriban aina 200 za matumbawe magumu, ambazo ni karibu tisa katika kila kumi ya aina zilizowahi kuorodheshwa Afrika Mashariki. Katika mzunguko mmoja wa kawaida mtu anaweza kuwaona pono wakitafuna jiwe kwa midomo yao ya kasuku, chewa aliyejificha chini ya ubawa wa tumbawe, mkunga akichungulia, taa mwenye madoadoa ya buluu amelala mchangani, na akijaaliwa, kasa. Samaki hawa hawakimbii. Mtu aliyezoea kuogelea kwenye miamba iliyovuliwa kwa majuya, yaani nyavu za kukokota, ambako kila kiumbe chenye urefu wa kiganja hutoweka akikaribia, hustaajabia utulivu huo kuliko rangi zenyewe.

Wanaouongoza msafara huo majini ndio hoja yangu kubwa ya kuisifu Chumbe. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Walifundishwa na watu waliojitolea: kuogelea kwa miwani, majina ya viumbe, kufuatilia hali ya mwamba, huduma ya kwanza na Kiingereza cha kuzungumza na wageni. Hawabebi silaha. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka, mlinzi humwendea kwa boti, humsalimu, humweleza kwa nini sehemu ile imefungwa, na tukio huandikwa. Kwa kuwa aliyetumwa kuzungumza naye anajua bei ya changu sokoni na anajua maana ya kurudi nyumbani na ngalawa tupu, mazungumzo hayo yana uzito ambao askari mwenye bunduki hawezi kuupata. Walinzi hao hao wamekuwa wakiwasaidia wavuvi waliopatwa na tufani au kuharibikiwa na injini katika mkondo ule, na sidhani kama kuna warsha ya uhamasishaji inayoweza kujenga heshima kwa kasi ya boti inayokuja kukuvuta mawimbi yakiwa yamepanda. Hatua kwa hatua wavuvi walio nje ya mpaka wakaanza kusema kwamba upatikanaji wa samaki pembezoni mwa hifadhi umekuwa bora, jambo ambalo sayansi ya bahari inalitarajia: samaki wanaozeeka bila kuvuliwa hutaga mayai mengi mno, na mayai hayo hayajui mpaka.

Nimewahi kukaa katika kambi moja ya nyika, ambayo sitaitaja, ambako kila kitu kilikuwa cha kijani isipokuwa watu: waongozaji walitoka mikoa ya mbali, wanakijiji jirani walionekana usiku mmoja tu, walipoitwa kucheza ngoma wageni wakila. Nikilinganisha, Chumbe iko mbali sana na hali hiyo. Wafanyakazi wake walio wengi ni Wazanzibari, kamati ya ushauri ya hifadhi inawaingiza viongozi wa vijiji vya wavuvi pamoja na idara za serikali na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chakula ni cha nyumbani kwetu, chenye asili zake zote za Kiswahili, Kiarabu na Kihindi. Hata hivyo ukweli lazima usemwe: umiliki si wa kijiji. Anayetaka kuona wenyeji wakiwa ndio wenye hoteli aende Il Ngwesi, Laikipia, kaskazini mwa Kenya, ambako Wamaasai wenyewe walifungua nyumba yao ya wageni mwaka 1996 katika ardhi yao ya pamoja, wakatunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002, na mapato yakaingia katika shule, afya na ulinzi wa wanyama kwa uamuzi wa wanajamii. Mfano wa Chumbe na ule wa Il Ngwesi si mapacha. Mmoja unategemea mwekezaji mwenye msimamo na mkataba na serikali, mwingine unategemea umoja wa wenye ardhi, na kila mmoja una udhaifu unaotokana na nguzo hiyo hiyo unayoegemea.

Msitu wa Chumbe hupewa nafasi ya pili na wageni wengi, na sikubaliani nao. Umeota juu ya maweni makavu yasiyo na udongo wa kutosha, mizizi ikiteleza juu ya jiwe kutafuta nyufa, na mimea yake huishi kwa mvua na umande. Mwaka 1997 kisiwa kilisafishwa panya, ambao walikuwa wakila mayai na makinda ya ndege, na tangu hapo kimekuwa makimbilio. Paa nunga, mnyama mdogo wa msituni ambaye ameshawindwa hadi kuwa adimu Unguja na ambaye nje ya hapa hupatikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya, aliletwa hapa ili apate mahali pasipo na mbwa wala mitego. Ni mwenye haya kupita kiasi. Msomaji asiende akitarajia kumpiga picha.

Kaa wa nazi ni habari tofauti. Huyu ndiye mkubwa kuliko arthropodi wote waishio nchi kavu, yaani jamii ya kaa, wadudu na buibui, mwenye kucha zenye nguvu ya kupasua nazi, na katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi ameliwa mpaka akatoweka. Chumbe wako wengi, na wakubwa. Hutoka giza likiingia, na matembezi ya usiku yanayoongozwa na mlinzi mwenye kurunzi ndiyo sehemu ya ziara ambayo ningeitetea mbele ya yeyote anayesema kwamba utalii wa wanyama ni lazima uwe na simba. Kwa ajili yao na viumbe wengine wa usiku, njia za kisiwani hazina taa. Mgeni hupewa kurunzi na kutakiwa atazame anapokanyaga.

Kuna mahali pengine Unguja ambapo utalii wa wanyama umeachwa ujiendeshe wenyewe, na mfano unaojulikana zaidi ni Kizimkazi. Asubuhi ya msimu wa wageni boti nyingi hulizingira kundi moja la pomboo, injini zikinguruma, na watu wakirushwa majini mbele ya wanyama ambao wangependa kulala au kunyonyesha. Watafiti wameandika juu ya usumbufu huo kwa miaka mingi, miongozo ipo, lakini hakuna nahodha anayependa kuwa wa kwanza kurudi nyuma wakati abiria wake wamelipa na boti ya jirani inasonga mbele. Hapo ndipo thamani ya mabanda saba inapofahamika. Idadi ndogo ya vitanda ndiyo inayompa mlinzi wa Chumbe ujasiri wa kukataa, kwa sababu hakuna mshindani anayesubiri kumchukua mgeni aliyekataliwa, na mshahara wake hautegemei kumfurahisha mtu kwa bakshishi ya siku ile. Wageni wa kutwa hupokelewa pia, lakini kwa idadi inayozuiliwa na nafasi iliyopo, na mara nyingi wakati mabanda yamejaa hukosa nafasi kabisa.

Sehemu ya shule sikuitarajia kuwa na uzito iliyo nao. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hifadhi imekuwa ikiwaleta wanafunzi wa skuli za Zanzibar na walimu wao bila malipo ya kitalii, na hadi sasa ni maelfu waliokwisha kupita. Mtu wa bara anaweza kushangaa kuambiwa kwamba kijana aliyezaliwa hatua mia kutoka baharini hajawahi kuona tumbawe likiwa hai, lakini ndivyo ilivyo. Mitaala ilikuwa haina habari za mwamba, na kwa wasichana, kuogelea kulihesabiwa kuwa si jambo lao. Hapa huvishwa maboya, hufundishwa kutia uso majini, na hutoka wakiwa wameyaona kwa macho yao mambo ambayo kitabu cha bayolojia hakikuwahi kuyachora vizuri. Ninaihesabu kazi hii kuwa sehemu ya huduma ninayoitathmini, kwa sababu mgeni anailipia hata kama haioni.

Bei, basi. Ni mamia ya dola za Marekani kwa mtu mmoja kwa usiku, ikijumlisha boti, chakula chote, uongozwaji na vifaa vya kuogelea. Ukiilinganisha na kambi za kifahari za Serengeti au za Mara, ambako usiku mmoja huweza kupita dola elfu, Chumbe ni ya wastani. Ukiilinganisha na mshahara wa mwalimu aliyewaleta wale wanafunzi, haifikiki. Inasikitisha kuwa mahali panapowaelimisha Wazanzibari wakiwa watoto hapawezi kuwapokea kama wageni wakiwa watu wazima, isipokuwa wachache, na ningependa kuona siku maalumu za msimu wa wageni wachache zikitengwa kwa familia za wenyeji kwa bei ya wenyeji, hata ziwe chache. Msomaji anayeishi Afrika Mashariki asione haya kuuliza bei ya wakazi anapoweka nafasi. Wanaoendesha mahali hapa, kwa upande wao, wamewahi kulalamika hadharani, na kwa haki, kwamba serikali huitoza kodi na ada hoteli inayolinda mwamba kwa kiwango kile kile inachomtoza jirani anayeuharibu. Sehemu ya bei hiyo ni gharama ya kufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na idara ya serikali.

Lipo pia tatizo ambalo hakuna ulinzi wa kisiwa unaoweza kulitatua. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipanda na matumbawe ya ukanda wote yakapauka. Mwaka 2016 likapanda tena. Tumbawe linapopata joto kupita kiasi hufukuza viumbe vidogo vinavyoishi ndani yake na kulipatia chakula, likabaki jeupe, na hali hiyo ikidumu hufa. Mwamba wa Chumbe ulipata madhara, lakini umeonyesha uwezo wa kujirudisha ambao miamba iliyochoshwa na majuya na maji taka haina, na hiyo ndiyo hoja ya kisayansi ya kuulinda: mwamba wenye afya una nafasi ya kupona. Nafasi hiyo ina kikomo. Wageni wengi wa Chumbe huja kwa ndege kutoka Ulaya, safari ambayo hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko itakayookolewa na paneli za sola za banda lao, na hoteli yoyote ya aina hii inayonyamaza kuhusu hesabu hiyo inajidanganya. Kwa mtazamo wangu, mgeni bora wa Chumbe ni yule ambaye tayari yuko Tanzania au Kenya kwa sababu nyingine, au anayekuja mara moja na kukaa muda mrefu, kuliko anayeruka bara hadi bara kwa wikiendi.

Tuzo zipo. Umoja wa Mataifa uliipa Chumbe tuzo ya Global 500 mwaka 2000, na mashirika ya utalii yameipa nyingine nyingi kabla na baada ya hapo. Sizipuuzi, ila tuzo ya mazingira hutolewa siku moja, na birika la maji hukaguliwa kila mwaka.

Kwa hiyo ninaipendekeza, na ninaipendekeza kwa mtu wa aina fulani. Ataifurahia anayependa kutazama viumbe kwa utaratibu, anayeweza kulala bila kioo wala mlango wa kufunga kwa ufunguo, na asiyehitaji televisheni. Wazazi wenye watoto wanaojua kuogelea watapata hapa darasa ambalo halipatikani kwa fedha kwingine. Mzee asiyeweza ngazi ajue kwamba kitanda kiko juu na njia za msituni ni za jiwe lenye ncha. Mnara wa taa nao una ngazi zaidi ya mia moja, ingawa anayefika juu huona Unguja upande mmoja na mkondo wa Dar es Salaam upande wa pili. Anayependa majengo ya kale asiache kuuzuru msikiti mdogo uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya walinzi wa mnara, wenye mtindo wa Kihindi ambao ni nadra sana Zanzibar. Asiyefaa kwenda ni yule anayetaka ufukwe mpana wa kutembea, kwa kuwa uliopo ni mdogo na maji yakijaa hubaki ukanda mwembamba tu.

Kisiwa hufungwa wakati wa masika, kwa hiyo nafasi zitafutwe nje ya msimu huo, na mapema, kwa sababu mabanda saba hujaa haraka hasa kuanzia Julai hadi Septemba na mwishoni mwa mwaka. Bahari huwa tulivu na angavu zaidi kaskazi inapoanza kulegea, kati ya Februari na Machi. Kabla ya kuchagua tarehe, tazama kalenda ya mwezi: siku za bamvua maji hukupwa sana na kuyafunua madimbwi ya mawe upande wa mashariki, ambako mlinzi huweza kukutembeza kwa miguu uone viumbe ambavyo kwa kawaida vimefunikwa, lakini saa za kuogelea mwambani huwa chache zaidi. Beba viatu vya mpira vya kukanyagia mawe, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea badala ya mafuta ya kujikinga na jua, na usibebe mifuko ya plastiki, ambayo Zanzibar ilikwisha kuipiga marufuku tangu mwaka 2006.